Shangazi Anajibu: Kisigino, Hati ya Shamba na Mtu wa Eldoret

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni mkimbiaji wa marathon, naishi nje kidogo ya Iten. Mwezi wa Agosti natimiza miaka 39. Nilianza kukimbia nikiwa na 20, na sina budi kushukuru: mbio zimenijengea nyumba ya mawe, zimenipa ekari sita na ng'ombe wanne, na zinawasomesha watoto wangu watatu. Nimeshinda mara mbili Ulaya. Muda wangu bora ni saa 2 na dakika 7.*

*Lakini huu ni mwaka wa tatu sijashuka chini ya 2:12. Kano ya kisigino cha kushoto inaniamsha usiku, na asubuhi nashuka kitandani nikishika ukuta. Meneja hapokei simu. Mara ya mwisho alinitafutia kazi ya sungura, yaani kuwawekea wengine mwendo, hadi kilomita ya 25, nikakataa kwa sababu niliona ni dharau. Alhamisi iliyopita kwenye fatleki, yale mazoezi ya kubadili mwendo, niliachwa kilimani na kijana ambaye viatu vyake vya kwanza nilimnunulia mimi. Akageuka akaniambia, "Mzee, pole pole." Alisema kwa heshima, lakini siku hiyo sikula.*

*Mke wangu anasema niache mbio, tufuge. Mimi nimejiandikisha kwa mbio za Oktoba huko Ulaya, safari hii kwa gharama yangu, nipate muda mzuri wa mwisho niondoke kwa heshima. Nikiacha sasa nitakuwa nani? Hapa kila mtu ananijua kwa miguu.*

*Rafiki wa kambini anasema kuna mtu Eldoret anayesaidia miili ya wazee kama sisi irudi. Sijaenda bado. Halafu pesa za tiketi na maandalizi nilizikopa kwa hati ya shamba, mama watoto hajajua.*

*Niache au niendelee?*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Swali umeliuliza mwishoni, wazi kabisa, lakini kabla yake kuna mambo mawili uliyoyapitisha mbio mbio kama mtu anayekatiza mbele ya duka analodaiwa. Moja ni la mtu wa Eldoret. La pili ni la hati. Niruhusu nianze na hayo. Miguu isiporudi utaishi tu, wengi wameishi. Hayo mawili ndiyo yanayonitia hofu.

Umesema ulikopa kwa hati ya shamba. Ulikopa kwa nani? Hukusema. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haikubali nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila idhini ya mke au mume anayeishi humo. Benki inayojua kazi yake ingemwita mkeo atie saini, tena mbele ya wakili. Kwa hivyo ikiwa hizo ekari ndizo zenye nyumba mnayolala, naona njia mbili tu: ama kuna mtu aliandika saini ya mkeo, ama hati yako imelala kwenye droo ya shailoki, mkopeshaji wa mtaani, ambaye sheria haimhusu hadi siku atakayokuja na wanunuzi kupima ardhi. Sitaki kukudhania. Ila wewe unajua ni ipi kati ya hizo, na nadhani ndiyo maana sentensi hiyo uliiandika fupi hivyo.

Hebu tuipigie hesabu hiyo Oktoba. Unalipa tiketi, visa, chumba na chakula. Unafika ukiwa na kisigino kibovu na miaka mitatu ya 2:12. Katika mbio kubwa za Ulaya siku hizi, mwanamume wa 2:12 haoni hata mgongo wa mtu wa kumi, na malipo ya maana yanaishia hapo mbele. Tuseme Mungu akakufungulia ukapata kitu: kodi ya nchi ile inakatwa kwanza, halafu asilimia 15 ya meneja kama atakumbuka ghafla namba yako, kinachobaki kinaenda kwa aliyekukopesha pamoja na riba. Umeweka rehani shamba la watoto ili saa ya barabarani ikuandikie 2:09 badala ya 2:12. Hiyo nambari ni ya nani? Mkeo hakuiomba. Watoto hawaijui. Hata yule kijana wa kilimani, wiki ya pili atakuwa ameisahau.

Sasa huyo mtu wa Eldoret. Umeandika "sijaenda bado". Hilo "bado" limeninyima usingizi.

Hukutaja anachouza, na mimi sina haja ya kutajiwa. Mtu anayerudisha miili ya wazee mafichoni hauzi uji wa wimbi. Wewe umekaa kambini miaka 19, umewaona waliofungiwa kukimbia kwa sababu ya dawa haramu wakirudi nyumbani. Rita Jeptoo alikuwa na miaka 33, ameshinda Boston mara tatu, alipopatikana na EPO, dawa haramu ya kuongeza damu, mwaka 2014. Alifungiwa miaka miwili, kisha Mahakama ya Usuluhishi ya Michezo ikaongeza ikawa minne, na ushindi wake wa Boston na Chicago wa mwaka huo ukafutwa. Leo ukimtaja popote, watu wanaanza na nini? Hawaanzi na 2006 alipoishinda Boston kwa mara ya kwanza. Yeye alikuwa bingwa ambaye dunia nzima ilimtazama. Wewe una ushindi mara mbili na muda wa 2:07, na hivyo ndivyo vitu pekee katika maisha yako ya mbio ambavyo hakuna anayeweza kukunyang'anya isipokuwa wewe mwenyewe. Utavitia mkononi mwa mtu usiyejua hata jina lake halisi?

Na nikwambie jambo ambalo huenda huyo rafiki wa kambini hakulifikiria. Dawa ya namna hiyo inaongeza damu, haigusi kano. Damu inakuwa nzito, moyo unafanya kazi ya kusukuma uji badala ya maji, na wewe unajisikia na nguvu za miaka 25 juu ya kisigino cha miaka 39. Unajua kitakachofuata. Siku moja kwenye barabara ya Moiben utasikia kama mtu amekupiga teke kwa nyuma, ugeuke usione mtu: kano imekatika.

Huyo rafiki naye, achana na maneno yake kwa muda. Sisemi ni mtu mbaya. Anaogopa kama wewe, na mtu anayeogopa hupenda kuwa na mwenzake.

Haya, tuje kwenye mbio.

Mimi si daktari, lakini umri huu nimekaa na wanariadha wa kutosha mezani kwangu. Maumivu ya hatua za kwanza asubuhi ni lugha ya kano iliyochoka. Kano hupata damu kidogo, kwa hivyo hupona polepole, na haiponi kwa kukimbiwa juu yake. Wataalamu wa viungo huwapa watu mazoezi ya kusimama kwenye ngazi na kushusha kisigino taratibu, mchana na jioni, kwa wiki 12 hivi, na yanachosha kwa jinsi yasivyo na raha. Tafuta mtaalamu wa viungo, Iten na Eldoret wapo, mwonyeshe mguu huo. Akikueleza habari ya kudungwa sindano ya kutuliza uvimbe palepale kwenye kano, muulize maswali mengi kabla hujakunja suruali, maana kano iliyodungwa hivyo inaweza kukatika. Wiki 12 kuanzia leo zinakupeleka wapi? Oktoba itakuwa imeshafika au iko mlangoni. Mguu wako umekwisha kukujibu kuhusu hiyo mbio.

Najua utaniambia kuhusu Edna Kiplagat. Kila mwanariadha aliyevuka 35 huniambia kuhusu Edna. Ni kweli: Boston ya 2024 alimaliza wa tatu akiwa na miaka 44, mama wa watu na afisa wa polisi. Na Kenenisa Bekele alikuwa wa pili London mwaka huohuo akiwa na 41. Nawapigia makofi hadi mikono iwashe. Lakini Edna alikuwa bingwa wa dunia mara mbili, na Bekele alishikilia rekodi za mita 5,000 na 10,000 kwa zaidi ya miaka 15. Ukiwa na debe la mahindi usijilinganishe na mwenye ghala. Akichota nusu bado ana zaidi yako. Nisamehe ukali, mwanangu, ila nadhani wewe mwenyewe unalijua hili.

Mfano wa kukufaa zaidi ni Mary Keitany. Ameshinda New York mara nne na London mara tatu. Mgongo ulimwumia 2019, na kila alipodhani amepona, akirudi kwenye mazoezi makali maumivu yanarudi naye. Septemba 2021, akiwa na miaka 39, akasema basi. Hakungoja mbio moja ya mwisho ya kupigiwa makofi. Umri wake siku hiyo ndio umri wako Agosti.

Hii habari ya "muda mzuri wa mwisho niondoke kwa heshima" inanisumbua. Nani kakwambia mbio ya mwisho huwa nzuri? Eliud Kipchoge, aliyekimbia chini ya saa mbili kule Vienna, alisimama Olimpiki ya Paris baada ya kilomita 30 hivi, akatembea, akawagawia watu wa barabarani viatu, soksi na nambari ya kifuani. Novemba 2025, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 41, alimaliza New York nafasi ya 17 kwa saa 2 na dakika 14. Baada ya hapo akatangaza anakwenda kukimbia marathon saba katika mabara saba. Hebu niambie, kuna mtoto wa Nandi aliyemvunjia heshima kwa sababu ya hiyo 2:14?

Na kutangaza pia, usikimbilie. Haile Gebrselassie alipoumia goti New York mwaka 2010 alikaa mbele ya waandishi wa habari akasema amestaafu. Siku chache baadaye akasema hapana, na akastaafu kweli 2015. Ezekiel Kemboi wetu, yule wa kuruka viunzi na maji, alimaliza wa tatu Rio 2016, akasema nimeacha, halafu usiku huohuo akanyang'anywa ile shaba kwa kukanyaga nje ya mstari, akasema basi narudi. London mwaka uliofuata akawa wa 11. Siwacheki. Nasema tu kwamba neno "nimestaafu" likisemwa siku ya uchungu halikai. Wewe huna waandishi wa habari wanaokungoja pale uwanja wa ndege. Hiyo ni bahati, itumie. Huna haja ya kumtangazia mtu chochote.

Umeniuliza utakuwa nani. Hapa nataka tukae kidogo.

Meneja alikupa kazi ya sungura ukaona dharau. Mimi nilipokuwa mgeni wa mambo haya nami niliona hivyo: mtu anakimbia ili mwingine ashinde, halafu anaingia pembeni kama aliyeishiwa mafuta. Mpaka niliposikia habari za Simon Biwott, aliyekwenda Berlin mwaka 2000 kuweka mwendo, akaona bado ana pumzi, akaendelea hadi mwisho akashinda. Mwaka uliofuata Ben Kimondiu akafanya vivyo hivyo Chicago, na aliyemwacha nyuma ni gwiji Paul Tergat. Sikwambii hayo ili uote ndoto mpya. Sitaki kusikia umefika kilomita ya 25 ukakataa kutoka! Nakwambia kwamba wanaoandaa mbio hawampi kazi hiyo mtu wanayemdharau. Wanampa mtu asiyebabaika, anayeweza kukimbia kila kilomita kwa mwendo uleule kama saa ya ukutani, huku nyuma yake kuna mabingwa wanaopumua shingoni. Kijana wa miaka 22 hana hicho kitu. Wewe unacho. Na tiketi wanalipa wao.

Halafu kuna Patrick Sang. Alipata medali ya fedha ya Olimpiki Barcelona 1992, na medali mbili za fedha za dunia, moja kabla na moja baada. Dhahabu ilimkwepa mara zote tatu. Leo dunia nzima inamjua kama mwalimu wa Kipchoge, na dhahabu zile za Rio na za Japani zina jasho lake pia. Sasa mtazame yule kijana wako wa kilimani. Kati ya vijana wote waliokupita siku hiyo, ni yeye aliyegeuka. Umesikia "mzee" ukakosa kula. Mimi nimesikia "pole pole", maana yake alikuona unachechemea. Viatu ulimnunulia, sawa. Umeshamfundisha kusoma mkataba? Umemwambia asilimia ngapi ni za meneja, na afanye nini akipewa karatasi ya Kiingereza usiku wa kuamkia mbio? Umemwambia kuhusu mtu wa Eldoret? Maana huyo atamfikia naye, tena mapema kuliko alivyokufikia wewe.

Mkeo sasa. Amesema "tufuge". Umeliandika neno hilo kama hukumu, kana kwamba anakustaafisha. Lisome tena. Hakusema "nenda ukafuge". Kwa miaka 19 wewe umekuwa kambini, ukija nyumbani unalala mchana kwa sababu mazoezi yamekumaliza, na hao ng'ombe wanne kuna mtu amekuwa akiwaamkia. Najua wanaume huwa hawaoni maziwa yanatoka wapi mradi chai imefika mezani. Yeye biashara hiyo anaijua, bei ya chakula cha mifugo anaijua, na mnunuzi wa maziwa anamjua kwa jina. Anakukaribisha katika kazi ambayo yeye ndiye mwenye uzoefu, na wewe utaingia kama kijana mpya kambini. Labda hilo ndilo linalokuuma kuliko kisigino, au nakosea?

Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini kusaidiwa. Wewe umevunjika malishoni na unajikokotea Eldoret.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Usiende Oktoba. Andika barua pepe leo, jitoe, na ulizia kinachoweza kurudishwa katika tiketi. Ulichobaki nacho mkononi katika ule mkopo kirudishe kabla hakijala riba zaidi. Mpigie meneja, asipopokea, mwandikie ujumbe mfupi kwamba mguu ukiruhusiwa na mtaalamu, mwakani uko tayari kuweka mwendo. Mfupi, bila kulalamika. Ukifika 40 na kisigino kikawa kimetulia, Boston na mbio nyingine kadhaa zina zawadi ya watu wa umri huo. Si pesa za kujengea ghorofa, lakini utakimbia na wenzako badala ya kufukuzana na watoto. Mguu ukikataa, basi umekataa, na Alhamisi unaweza kusimama pale kilimani na saa mkononi.

Ila kabla ya hayo yote, mkeo. Usimwambie kitandani taa zikiwa zimezimwa, na usimwambie mbele ya mama yako. Nenda naye jioni ng'ombe wakikamuliwa, shika ndoo, halafu sema kwa mpangilio huu: hati iko wapi, nadaiwa kiasi gani, na nani ananidai. Mbio zije mwisho. Atakasirika, na ana haki. Kama kuna saini iliyoandikwa ambayo si yake, mwambie hilo pia, halafu muende pamoja kwa wakili, si kwa mzee wa mtaa. Usijitetee kwa kusema ulitaka kuondoka kwa heshima. Yeye alikupokea na mursik, maziwa ya kumpokelea mshindi, mara zote mbili, na zile mbio ambazo hukurudi na kitu bado alifungua mlango.

Niandikie baada ya Jumapili unieleze mmefikia wapi. Na barua hiyo, mwanangu, nataka iwe na saini mbili.